Umeenda Tiba ya Usemi, Mbona Bado Una Kigugumizi?

Swali hili huniuliza watu wanaonipenda. Shangazi ameniuliza, mama mwenye nyumba wangu hapa Nkuhungu ameniuliza, na wenzangu tuliosoma nao Chuo Kikuu cha Dodoma huniuliza kila tunapokutana. Wanajua nilipata mtaalamu wa tiba ya usemi, mwanzo ana kwa ana Dar es Salaam, baadaye kwa simu ya video nikiwa huku Dodoma. Sasa wananisikia naongea: neno linakwama, linatoka, naendelea. Wanashangaa. Tiba gani hiyo ambayo mtu anatoka nayo vilevile alivyoingia?

Nawaelewa. Kwetu mtu akienda kutibiwa, tunategemea arudi amepona. Lakini tiba ya usemi kwa kijana au mtu mzima mwenye kigugumizi haikuahidi hivyo tangu mwanzo, na watu kutolijua hilo kunawaumiza vijana wengi. Kijana anapiga hatua kubwa kabisa, anarudi nyumbani, anaambiwa hela imeliwa bure. Naye anaamini, anaacha. Kwa hiyo inafaa tulifungue jambo hili tangu chini.

Kigugumizi ni hali ambayo mtu anajua vizuri kabisa anachotaka kusema, ila neno linakataa kutoka. Hujitokeza kwa namna tatu. Kuna kurudia: "ni-ni-ni-nipe". Kuna kuvuta sauti: "sssssamahani". Na kuna kukwama, ambako mdomo umeshakaa tayari, pumzi imesimama, na hakuna kinachosikika. Hii ya tatu ndiyo inayoleta matatizo mengi kwa watu, maana kwa nje mtu anaonekana kama amesahau, au anaringa, au amekataa kujibu.

Wengine huchanganya kigugumizi na kithembe. Mwenye kithembe anatamka sauti fulani kwa namna yake, lakini maneno yake yanatiririka bila kukwama. Wala kigugumizi si kule kusita kwa kawaida kwa "eee", "yaani" na "nanihii", ambako kila mtu anako, hata wabunge wetu pale bungeni.

Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 2 na 5, mtoto anapoanza kuunganisha maneno kuwa sentensi. Kati ya watoto 100, kama 5 hukipitia, na wengi wao, robo tatu au zaidi, huachana nacho kadiri wanavyokua. Kwa watu wazima kinabaki kwa kama mtu 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu wanne kwa mmoja. Jiji la Dodoma lilikuwa na zaidi ya watu 700,000 katika sensa ya 2022. Ukipiga hesabu kwa kiwango hicho, unapata maelfu ya watu hapa hapa mjini. Wengi huwajui kwa sababu wamejifunza kunyamaza, na hapo ndipo ilipo hadithi yenyewe. Lakini kwanza tuseme kinatoka wapi.

Ulimi hauna kosa

Bibi yangu wa Mpwapwa hadi leo anaamini nilipata kigugumizi kwa sababu nilitekenywa sana nikiwa mchanga. Wapo wanaosema mtoto alimwigiza mtu mwenye kigugumizi, kikamng'ang'ania. Wapo wanaodai ni uoga tu, au mama aliona kitu wakati wa ujauzito. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanampeleka mtoto akakatwe kilimi au utando ulio chini ya ulimi ili "ulimi ulegee". Hili la mwisho nalisema kwa uzito: kukata hakuondoi kigugumizi, na jeraha la kinywani kwa mtoto linaweza kuvuja damu nyingi au kuingia uchafu. Utando ulioshika ulimi unaweza kufanya baadhi ya sauti zisitamkike sawasawa, lakini hausababishi kigugumizi.

Chanzo kiko kwenye ubongo, katika namna unavyopanga muda wa usemi. Ili useme neno moja tu, kifua, koo, ulimi, taya na midomo vinapaswa kuanza kwa wakati mmoja. Fikiria ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo. Kila mpigaji anaijua sehemu yake, na kila mchezaji anazijua hatua zake. Kinachowaanzisha pamoja ni pigo la anayeongoza. Pigo hilo likichelewa kidogo, hakuna aliyesahau ngoma, ila wote wamesimama wanasubiri, au mmoja ameanza na wenzake bado. Ndivyo inavyokuwa kwa mwenye kigugumizi. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba njia zinazounganisha sehemu za kusikia, kupanga na kutenda usemi, hasa upande wa kushoto, haziko sawa kabisa na za wasio nacho.

Ukilielewa hilo, jambo moja linalowatatiza watu linajieleza lenyewe. Mtu anakwama kusema jina lake, halafu Jumapili anaimba kwaya bila kukwama hata silabi moja. "Si unaona, unajifanya!" Hajifanyi. Wimbo umemletea pigo kutoka nje, na wenzake wa kwaya wamelishika pamoja naye, kwa hiyo lile la ndani linalochelewa halihitajiki sana. Kusoma kwa pamoja darasani, kusali kwa pamoja na kusoma kasida ni vivyo hivyo. Hata kuongea peke yako chumbani huwa rahisi, kwa kuwa hakuna anayesubiri.

Kurithi nako kuna nafasi yake. Kigugumizi huonekana mara nyingi katika familia moja. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza vinasaba vya kwanza kuhusishwa nacho, baada ya kuchunguza familia za Pakistan, na mwaka 2015 ukoo mmoja mkubwa wa Cameroon ulisaidia kupatikana kingine. Hii haina maana kwamba ukiwa na baba mwenye kigugumizi lazima nawe uwe nacho. Maana yake ni kwamba mama aache kujilaumu.

Kigugumizi cha pili

Sasa tufike mahali ambapo tiba inafanya kazi yake. Kwa kijana, kigugumizi huwa ni viwili. Kuna kile nilichokieleza, cha neno kukwama. Na kuna kingine kinachojengwa juu yake miaka na miaka: hofu, aibu na mbinu za kujificha. Cha pili mara nyingi ndicho kinachoharibu maisha.

Chukua salamu. Mtoto wa Kitanzania lazima aanze yeye: shikamoo. Neno hilo halina mbadala. Huwezi kumwambia babu wa Chamwino "mambo" kwa kuwa "sh" imegoma. Unamwona mzee anakuja, unalisikia neno limeshajifunga kooni kabla hujafungua mdomo, na unavuka barabara ujifanye hukumwona. Jioni habari inafika nyumbani kwamba hujafundwa adabu. Nimechapwa kwa ajili ya shikamoo zilizokwama, na sikuwa na namna ya kueleza, kwa sababu kueleza nako kulihitaji kuongea.

Jina lako pia halina mbadala. Kwa wakala wa pesa mtu anauliza, "Jina nani?" na nyuma yako kuna foleni. Maneno mengine yanabadilishika, na mwenye kigugumizi hugeuka bingwa wa kuyabadilisha. Nimewahi kurudi nyumbani na vitunguu nilipotumwa nyanya. Nimewahi kupitishwa Sabasaba kwa sababu "shusha" haikutoka kwa wakati, nikateremka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu. Darasani nilijua jibu na nikasema sijui, kwa kuwa "sijui" ilikuwa inatoka.

Mwili nao unaingia. Mtu anafumba macho, anapiga mguu chini, anatikisa kichwa ili neno litoke. Siku moja mbinu hiyo inafanya kazi, basi inabaki. Baada ya muda inakuwa sehemu ya kigugumizi, na haisaidii tena.

Hapa lipo jambo la kuhuzunisha ambalo kila mwalimu na mzazi angepaswa kulijua. Mwaka 1939, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, watafiti wa chuo kikuu waliwachukua watoto yatima 22. Baadhi yao walikuwa wanaongea vizuri kabisa, lakini wakaambiwa kwamba wana dalili za kigugumizi na kwamba wasiongee mpaka wawe na uhakika wa kusema sawasawa. Hawakugeuka kuwa watu wa kigugumizi. Walichopata ni woga: walinyamaza, wakajikunja, wengine wakaanza kufanya vibaya darasani. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2001. Kwa hiyo kumkaripia mtoto hakuzai kigugumizi, lakini kunazaa kile cha pili, na kukitoa hicho ni kazi ya miaka.

Ndani ya tiba

Kwa mtoto mdogo wa chini ya miaka 6, tiba inaweza kweli kukiondoa, na ndiyo maana si vizuri kungoja mpaka "akikua kitaisha". Mpango mmoja unaotumika sana ulianzia Sydney, Australia, na unamfundisha mzazi mwenyewe: kila siku anatenga dakika chache za kucheza na kuongea na mtoto, anampongeza maneno yanapotoka vizuri, na mara chache tu, kwa upole, anamtajia yaliyokwama. Mtaalamu anasimamia, ila kazi inafanyika nyumbani.

Kwa kijana ni tofauti. Nilipoanza nilitegemea nitafundishwa kupumua. Mtaalamu aliniomba tu nizungumze, akanirekodi, kisha tukaangalia video pamoja. Sijawahi kuona kitu kigumu kukitazama kama kile. Akasimamisha picha pale nilipokwama na kuuliza: "Hapo kunabana wapi?" Nilikuwa sijui. Miaka yote nilikuwa nakwama huku nikikimbia kukwama kwenyewe, sikuwahi kukaa nikakitazama. Akaniambia nikikwama tena nisikimbie, nibaki palepale, nitafute. Nikagundua koo linafunga kabisa, na mkono wa kulia nimeukunja ngumi bila habari.

Baada ya hapo ndipo zikaja mbinu. Nyingi kati yake zilitengenezwa na Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa 1905 na kufariki 1994, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi kikali. Ya kwanza: ukishakwama na neno likatoka kwa nguvu, simama kidogo, kisha lirudie taratibu bila kulisukuma. Ya pili ni ngumu zaidi: ukiwa umekwama katikati, usisukume, legeza pale panapobana na uteleze utoke. Ya tatu ni kuliona neno gumu linakuja na kuliingia kwa ulaini, sauti ikianza ndogo. Kwa Kiswahili, irabu zetu zinasaidia. Ukishafika kwenye irabu unaweza kuivuta kidogo ukapata nafasi. Kwenye "Nnnnkuhungu" hakuna irabu ya kukimbilia mpaka ufike "ku", kwa hiyo kwangu mimi kutaja ninapoishi ndilo lilikuwa zoezi la kila siku.

Kisha ikaja kazi ambayo nilidhani mtaalamu anatania. Nenda dukani, gugumiza kwa makusudi, kwenye neno unaloliweza.

Nilikwenda Soko la Majengo. Mama mmoja muuza vinywaji alikuwa anahesabu chenji. Nikasema, "Naomba ma-ma-ma-maji." Hakuinua hata macho. "Makubwa au madogo?" "Makubwa." Akanipa, akamgeukia mteja mwingine. Nilisimama pale na chupa mkononi kama mtu aliyefutiwa deni. Hofu ilikuwa imeniahidi soko zima litageuka kunitazama, na soko lilikuwa na shughuli zake. Siku nyingine haikuwa hivyo. Kwenye kituo cha bajaji vijana walicheka na kuniigiza. Nao nikagundua kwamba walicheka kidogo, wakachoka, wakarudi kwenye simu zao. Hilo ndilo lengo la zoezi: ukifanya kwa hiari kile unachokiogopa, hofu inapungua, na hofu ikipungua koo halifungi kwa nguvu ileile.

Na jibu la shangazi liko hapo. Kabla ya tiba watu walinisikia nikikwama mara chache, kwa sababu nilikuwa siongei. Nilijibu kwa kichwa, nilituma ujumbe badala ya kupiga simu, vikaoni nilikaa nyuma. Sasa naongea mara nyingi kuliko zamani, kwa hiyo unasikia nikikwama mara nyingi kuliko zamani. Kukwama kwenyewe ni kwepesi, kunapita haraka, na sikunji tena ngumi. Lakini anayehesabu kukwama tu ataona nimerudi nyuma. Mpimaji wa haki angeuliza mambo mengine: anapiga simu? Anasema anachotaka kusema, au anachoweza kusema? Anaamkia wazee?

Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa na kigugumizi. Alianza kufundishwa na mtaalamu wa usemi, Lionel Logue, mwaka 1926, na bado alikuwa naye Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939. Kigugumizi hakikuisha, ila hotuba zilitolewa. Na wanaosoma Kurani wanaijua dua ya Nabii Musa katika sura ya Taha: afunguliwe fundo katika ulimi wake, wapate kuelewa kauli yake. Alichokililia ni kueleweka. Mimi dua hiyo huisoma hivyo.

Kwa walio karibu naye

Ushauri tunaopewa zaidi ni "tulia, vuta pumzi, ongea polepole". Unatolewa kwa nia njema na hausaidii, kwa sababu unachukulia kwamba tumekwama kwa papara. Kummalizia mtu neno ni kosa jingine. Mara nyingi unalikosea, naye analazimika kuanza upya akiwa na haya zaidi. Mtazame kama unavyomtazama mtu yeyote, subiri, kisha jibu alichosema. Kwa mtoto, wewe mwenyewe punguza kasi ya kuongea, na usimlazimishe kukariri mbele ya wageni.

Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache, na wengi wako Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kondoa au Kongwa hilo ni tatizo la kweli, si la kufunikwa kwa maneno matamu. Pa kuanzia ni hospitali ya rufaa ya mkoa: omba mtoto apimwe masikio kwanza, kisha uulize rufaa ya tiba ya usemi, na uulize kama mtaalamu anaweza kuendelea nawe kwa simu ya video. Kwa kijana mwenye bando na chumba chenye utulivu, njia hiyo inafaa. Atakayekuuzia dawa ya kumeza au akakuahidi kukimaliza kwa wiki moja, mpe nafasi apite. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kigugumizi. Ila kama mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho ameanza ghafla, hasa baada ya ajali ya kichwa au akiwa na mdomo uliopinda au mkono uliolegea, huyo awahishwe hospitali saa hiyohiyo, kwani inaweza kuwa kiharusi.

Limebaki jambo la usaili, ambalo vijana huniuliza zaidi kuliko yote, kwa kuwa Dodoma ndiko wengi wanakoitiwa kazi za serikali. Mchujo wa kuandika wanafaulu. Mahojiano ya ana kwa ana ndiyo yanawanyima usingizi, na wapo wanaoamua kutokwenda kabisa. Mtaalamu wangu alinifundisha kuanza kwa kusema wazi: "Nina kigugumizi. Baadhi ya maneno yatachelewa kutoka, naomba mnipe muda." Sentensi hiyo inafanya kazi mbili. Inakuondolea mzigo wa kujificha, ambao ndio unaokula akili uliyopaswa kuitumia kufikiri. Na inawaambia walio mbele yako kwamba ukimya wako hautokani na kutojua jibu. Uifanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu, siku kadhaa kabla, kwa sababu nayo itakwama. Ikikwama usiibadilishe.

Na wewe uliyekaa upande wa pili wa meza: ukishaambiwa hivyo, usiruke kwenda swali linalofuata mtu akiwa kimya, na kama dakika za kila msailiwa zimepangwa, muongezee zake.